Kumlaza au Kumrudisha Subukia

Wiki tatu zilizopita nilimkabidhi Sista Cherono funguo za kabati la dawa, nikatia sahihi, nikatoka langoni nikiwa mtu asiye na zamu. Wenzangu wa wodi walinikatia keki. Mmoja wao, muuguzi kijana ambaye simtaji jina kwa sababu bado anaihitaji kazi yake, alinivuta pembeni akaniomba nimwandikie kitu.

"Wa pombe tunawajua, Sista," aliniambia. "Hawa wa tembe za hospitali ndio hutuchanganya. Unaangalia mtu unaona ako sawa kabisa, hujui kama ni wa kulazwa ama ni wa kurudishwa nyumbani."

Nimekaa mezani kwangu hapa Lanet kumjibu. Jibu fupi ni kwamba hata mimi walinichanganya miaka mingi. Jibu refu ndilo hili. Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili langu, kama panya wa stoo hawajazila.

Nilizaliwa kwenye nyumba za reli hapa Nakuru. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, mtu wa Vihiga aliyekuja mjini kwa miaka miwili akakaa arobaini. Nilisomea uuguzi, kisha nikaongeza uuguzi wa magonjwa ya akili kwa sababu nafasi za ukunga zilikuwa zimejaa. Najua wenzangu wengine husema waliitwa. Mimi nilipangiwa.

Siku ya kwanza katika kitengo chetu cha wagonjwa wa akili na ulevi nilifika mapema mno, gauni jeupe limepigwa pasi hadi linataka kusimama lenyewe. Mgonjwa aliyekuwa akifagia baraza alinitazama, akaniletea kiti. "Kaa, madam. Daktari anakuja. Usiogope, hapa hawapigi mtu." Nilikaa. Niliona aibu kumwambia kwamba mimi ndiye muuguzi. Nusu saa baadaye Bwana Koech, klinikal ofisa aliyesimamia kitengo, alinikuta pale pale akaniuliza naumwa nini.

Bwana Koech alikuwa mtu wa Molo, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Karibu kila nilichokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwake, na kingi hakikuwa kwenye vitabu. Alikuwa na mashine ya presha ya zebaki, nzito kama betri ya lori, na alimpima kila mgonjwa mara mbili: mara moja akiingia, mara ya pili akishamaliza kueleza habari zake. Alisema presha ya mtu anayeficha na presha ya mtu aliyekwisha sema hazifanani. Sijawahi kuona hilo likiandikwa mahali popote, lakini nilipima mara mbili hadi siku yangu ya mwisho. Pia hakukaa ng'ambo ya meza. Alizungusha kiti chake akakaa upande wa mgonjwa, wote wawili wakitazama ukuta kama watu wanaosubiri gari moja. Na kila aliyekuja kwa kitu cha kumwamsha, iwe miraa au kingine, alimuuliza anatumia nini ili alale. Mtu anayejiwasha asubuhi mara nyingi anajizima jioni kwa pombe au dawa ya usingizi, na hizo ukizikata ghafla mwili unaweza kupata kifafa. Swali hilo peke yake liliwaokoa watu kadhaa mbele ya macho yangu.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya pombe, bangi na miraa. Tembe zilikuja baadaye, taratibu. Nazungumzia zile dawa za kuchangamsha ubongo ambazo daktari huwaandikia watoto wasioweza kutulia darasani. Niseme wazi kwamba si dawa mbaya. Nimemwona mtoto aliyeshindwa kumaliza sentensi moja akimaliza ukurasa mzima kwa sababu ya dawa hizo. Lakini mtu mzima asiyezihitaji akizimeza, usingizi unakwenda, njaa inakwenda, na kazi inamwenda kama maji. Wanafunzi wa chuo waliziita "za kusoma." Kisha wakaja madereva wa malori, wasimamizi wa mashamba ya maua, walinzi. Wote walikuwa na sababu nzuri.

Wa kwanza niliyemwamulia peke yangu alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke kutoka Naivasha. Nitamwita Barasa. Alikuja akiwa amekonda, lakini anaongea vizuri, presha inaridhisha, hanywi pombe. Nilijua kwamba kuacha tembe hizi hakuleti kifafa kama pombe, kwa hiyo nikaona hakuna haja ya kitanda. Nilimwandikia apumzike nyumbani. Alilala siku tatu, akawa anaamka kula tu. Kaka yake alinipigia simu kunishukuru. Siku ya tano Barasa alijaribu kujiua. Jirani aliyekuja kuazima jembe ndiye aliyemwahi. Yu hai mpaka leo, ana watoto wawili, lakini hilo ni kwa sababu ya jembe, si kwa sababu yangu.

Nilikwenda kwa Bwana Koech nikitarajia kugombezwa. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alisoma nilichoandika, akaniuliza, "Hiyo siku ya tano, alikuwa na nani?"

"Sijui," nilisema.

"Basi ulimwandikia nyumba. Hukumwandikia mtu."

Nilianza kusoma upya, na nikaelewa nilichokuwa nimekosa. Dawa hizi zikitoka mwilini, usingizi na njaa hurudi kwanza, na kila mtu hushangilia. Huzuni hufika nyuma yao, wakati washangiliaji wamekwisha rudi kazini.

Sasa nakuja kwa Mwalimu Damaris, kwa sababu ndiye aliyenifundisha mengine yote. Jina si lake. Yeye mwenyewe aliniruhusu nimwandike, akanionya nisikosee habari za kemia.

Ilikuwa likizo ya Aprili, miaka michache kabla sijastaafu, asubuhi ya mvua. Waliingia watu wawili wakiwa wamelowa mabega: mwanamke wa miaka arobaini hivi, sketi imeshikiliwa na pini kiunoni, na mume wake, amebeba chupa ya chai kana kwamba wanakwenda kumtazama mgonjwa. Mume aliitwa Ndirangu. Alikuwa akisimamia mtambo wa kupoza maziwa kwenye ushirika wa wafugaji kule Subukia. Damaris alifundisha kemia katika shule ya wasichana.

Nilizungusha kiti. Nilimpima. Moyo ulikuwa ukikimbia na presha iko juu. Kabla sijauliza kitu, alifungua bahasha akanitolea karatasi ya grafu.

"Sista, nisikupotezee muda," alisema. "Nimeshapanga. Hii ni idadi ya tembe, hii ni siku. Napunguza kidogo kidogo hadi sifuri, niko nyumbani, likizo haijaisha. Ninachotaka ni daktari aniangalie tu na aweke sahihi."

Katika miaka yangu yote sijaona chati nzuri kama ile. Mstari ulishuka ngazi kwa ngazi, umechorwa kwa rula, na chini kulikuwa na ufunguo wa rangi. Karibu nimwombe aje afundishe stafu wangu.

Nilimwomba anieleze ilianzaje. Binti yao, Shiru, mwenye miaka kumi, alikuwa akipewa tembe hizi na daktari wa watoto, na zilikuwa zimemsaidia. Msimu mmoja wa kusahihisha mitihani Damaris alimeza moja ya Shiru. Rundo la karatasi lililokuwa likimchukua wiki liliisha kwa siku mbili. Muhula uliofuata alimeza tena. Halafu kila wiki. Halafu alitoa nakala za karatasi ya daktari, akawa anapita kwa kemisti mbalimbali, Nakuru leo, Gilgil kesho, Nyahururu wiki ijayo. Kemisti walipoanza kumuuliza maswali, alirudi kwa zile za mtoto.

"Na mtoto?" niliuliza.

Alitazama ukuta. Ndirangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Mwalimu wa Shiru alinipigia. Akasema mtoi amerudi kuwa vile alikuwa, hakai chini, anatolewa nje ya darasa kila siku. Nikamwambia haiwezekani, dawa anameza kila asubuhi, mimi mwenyewe namuuliza kila jioni. Nikapeleka mkebe kwa kemisti anicheckie. Akaniambia, boss, hizi ni vitamini."

Damaris hakulia. Alikunja mikono juu ya magoti kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. "Zinafanana," alisema. "Rangi na ukubwa. Nilichagua vizuri."

Niliuliza analala kwa kutumia nini. Hakuna, alisema, na Ndirangu aliunga mkono: hakuna pombe nyumbani, wao ni watu wa kanisa, na usiku mke wake husahihisha au hupanga kabati. Tulimpima moyo kwa mashine, tukapima damu na mkojo. Nilimpima presha mara ya pili. Ilikuwa imeshuka, si sana.

Daktari wa zamu, kijana mwerevu, alipitia yote akaniita kando. "Moyo uko sawa, Sista. Hakuna pombe, hakuna dawa ya usingizi. Ana mume anayejali, na amekuja mwenyewe. Vitabu vinasema nyumbani. Na wewe unajua wodi ilivyo."

Nilijua wodi ilivyo. Kulikuwa na wanaume kumi na wawili wa pombe upande mmoja, wengine wakitetemeka, mmoja akihubiri. Upande wa wanawake kulikuwa na chumba cha vitanda vitatu, na kimoja tu kilikuwa wazi. Tena nilimhurumia. Mwalimu akionekana akitoka kwetu, habari hufika Subukia kabla yake. Na daktari hakuwa amekosea. Kwa kila kipimo tulichokuwa nacho, Damaris alikuwa mtu wa kwenda nyumbani, na hata nyumba yake ilikuwa na mtu. Nilichukua fomu, nikaanza kuijaza.

Nilipokuwa naandika namba ya simu ya Ndirangu, alitaka kunitoa wasiwasi. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Usijali kuhusu nyumba, Sista. Hata yeye akilala tu, mimi nitaweza. Hizi wiki mbili amenifunza vitu mingi. Sasa najua hata kusuka Shiru nywele."

"Kusuka?"

"Eeh. Mistari tu, si ile ya kushona. Alisema si vizuri baba akae hajui. Amenionyesha pia vitabu za shule ziko wapi, kadi ya kliniki, dawa ya minyoo ya ndama. Ameandika yote kwa daftari. Ni mtu wa mpango sana, huyu."

Aliisema kwa fahari. Damaris alikuwa akitazama mvua. Nami niliona kalamu yangu imesimama katikati ya namba.

Nilimpa Ndirangu chupa ya mkojo ambayo haikuwa na haraka yoyote, nikamwomba aipeleke maabara mwenyewe asubiri jibu. Maabara yetu iko mwisho wa uwanja, na foleni yake inajulikana. Mlango ulipofungwa, nilisogeza kiti karibu.

"Mwalimu, unapanga kufa?"

Wengine hufundishwa kulizunguka swali hilo, wakiogopa kwamba ukilitaja utalipanda kichwani mwa mtu. Si kweli. Kama halimo, atakushangaa. Kama limo, utamtua mzigo.

Kule upande wa pili mhubiri alikuwa amefika kwenye maombi.

"Kupanga ni neno kubwa," alisema mwishowe. "Ni kama ukimaliza kusahihisha. Unapanga karatasi, unazifunga, unaacha meza safi kwa anayekuja."

"Lini?"

"Shule zikifunguliwa. Sikutaka Shiru akiwa nyumbani."

Nilichukua ile grafu. Mstari ulifika sifuri Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Baada ya hapo hapakuwa na mraba hata mmoja, na nikaona kwamba alikuwa ameikata karatasi kwa mkasi, nadhifu kabisa, pale siku zilipoishia.

"Kwa nini basi uache tembe kwanza?" nilimuuliza. Nilitaka kujua kweli.

"Ili wasiseme ni dawa." Aliitazama ile grafu mkononi mwangu. "Nilitaka binti yangu akumbuke kwamba niliacha."

Sasa nieleze jinsi nilivyoamua, kwa sababu ndilo nililoombwa. Nilimuuliza siku za mume wake zikoje. Ndirangu hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, maziwa hayangoji, anarudi saa tano. Shiru hulala hadi saa tatu wakati wa likizo. Nikamwambia, "Kwa hiyo kila asubuhi una masaa mengi ya kuwa peke yako."

"Ndiyo."

"Na zikiisha mwilini, utajisikia vibaya kuliko leo. Si kwa sababu maisha yako ni mabaya. Ni kwa sababu ubongo umezoea kuchangamshwa, na utachukua muda kukumbuka kazi yake. Wewe ni mwalimu wa kemia, unanielewa. Hizo siku sitaki uzipitie mahali ambapo hakuna mtu. Nataka nikulaze."

"Hapa?" Alisikiliza mahubiri. "Mama wa mwanafunzi wangu hupika jikoni hapa. Nikilala hapa, mimi si mwalimu tena."

"Tutakuingiza kwa herufi za mwanzo za jina tu. Utakaa kitanda cha karibu na meza yetu. Yule mama simwambii kitu, lakini kumficha kabisa siwezi kukuahidi."

"Na nikikataa?"

Hapo, wenzangu, kuna kishawishi cha kusema uongo mtamu. Nilimwambia ukweli. "Ukikataa nitamweleza mume wako ulichoniambia, nitamwita daktari, na sheria inaturuhusu kukulaza hata hivyo. Lakini ningependa uingie kwa miguu yako."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Angalau wewe hunidanganyi," alisema. "Mimi nimedanganya hadi nimechoka." Akaomba kitu kimoja: amwambie Ndirangu yeye mwenyewe.

Alimwambia nikiwepo. Ndirangu alikuwa bado ameshika karatasi ya maabara. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa kwenye benchi, akaiweka chupa ya chai sakafuni polepole sana.

"Na mimi nilidhani unanifunza ndio nikusaidie," alisema. Baadaye alimmiminia mke wake chai, akamshikia kikombe, kisha akambebea mkoba hadi mlango wa wodi. Daktari alisoma maelezo yangu mapya, akairarua ile fomu ya nyumbani. Ndiyo maana nasema alikuwa mwerevu.

Siku tatu za kwanza Damaris alilala. Aliamka kula ugali na kabeji, akaomba aongezewe, akalala tena. Presha ilishuka. Siku ya nne muuguzi mmoja mpya aliniambia, "Huyu amepona, Sista, tumpe kitanda mwingine." Nikamwambia tungoje.

Asubuhi iliyofuata hakuinuka. Aligeukia ukuta. Hakutaka chai, hakutaka kuoga. Nilipomuuliza anajisikiaje alijibu, "Naona kila kitu, Sista, na hakuna hata kimoja ninachokitaka." Hatukuwa na sindano ya jambo hilo. Daktari wa magonjwa ya akili alimwanzishia dawa ya huzuni, lakini hiyo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na sisi tulikuwa na asubuhi ile. Tulichofanya ni kukaa. Cherono alikuwa mgeni kazini wakati huo. Nilimwambia achukue kiti na kazi ya mikono, asimsemeshe kwa nguvu, asiondoke. Alikaa akikunja shashi za vidonda kwa masaa. Mimi nilimpokea zamu, naye akanipokea, siku ile na iliyofuata. Siku ya saba, mchana, Damaris aligeuka kitandani akazitazama zile shashi.

"Pembe zako hazilingani," alimwambia Cherono. Akakaa, akavuta rundo, akaanza kukunja.

Cherono alitoka nje akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Nilimwambia arudi ndani. Furaha yake ingeweza kungoja zamu iishe.

Siku ya tisa tulimruhusu Shiru aje. Kabla ya hapo Damaris alikuwa ameniomba nikae nao, kwa sababu alitaka kumwambia mtoto ukweli na hakujua kama sauti ingetoka. Tuliwaweka kwenye benchi la nyuma, juani. Shiru alikuwa msichana mwembamba, mistari ya nywele zake imepinda kushoto, miguu haitulii. Ndirangu alisimama nyuma yake.

"Shiru," Damaris alisema, "zile dawa zako, mimi nilizichukua. Nikakuwekea zingine. Ulipofukuzwa darasani haikuwa makosa yako. Ilikuwa yangu."

Shiru alichezea kifungo cha sweta. "Najua."

"Unajua? Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu. Zangu ni chungu. Hizo zingine zilikuwa tamu."

Hakuna aliyekuwa amewaza kuhusu ladha. Mwalimu wa kemia alichagua rangi na ukubwa, na mtoto alikuwa na ulimi.

"Sasa mbona hukusema, mama?" Ndirangu alimuuliza mtoto. "Mbona kila siku nikikuuliza unasema umemeza?"

"Nilikuwa nameza," alisema Shiru. "Nilidhani mum anazihitaji kunishinda."

Damaris aliinama hadi kichwa kikagusa magoti, akalia. Ndicho kilio cha kwanza tulichokiona tangu afike. Nilitaka kusogea, lakini Shiru alikuwa amekwisha mwekea mkono mgongoni na anampigapiga, haraka haraka, kama mtu anayemtuliza mtoto mchanga. Nikabaki nilipokuwa.

Alikaa nasi siku kumi na tatu. Kumruhusu kulikuwa uamuzi mwingine, tena mgumu, maana safari hii tulimtafuta mtu kwanza, fomu baadaye. Mama yake Ndirangu, ajuza mwenye sauti kubwa kutoka upande wa Ndabibi, alikubali kuhamia Subukia na kuwa nyumbani kila asubuhi hadi maziwa yaishe. Daktari wa watoto aliarifiwa, na tembe za Shiru zikapelekwa shuleni, zikae kwa mwalimu wake, za wikendi zikae kwa Ndirangu chini ya kufuli. Nilipokuwa nawasomea masharti, Shiru alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mum asikae nazo. Hata akipona."

Nilimtazama Damaris. Alitikisa kichwa kukubali. "Andika hivyo hivyo, Sista."

Niliandika hivyo hivyo.

Hakupona moja kwa moja, na anayekuambia wanapona moja kwa moja hajafanya kazi hii. Alimweleza mwalimu mkuu wake nusu ya habari, na nusu hiyo ilitosha kumpatia ruhusa ya muhula mmoja. Nusu nyingine ilifika yenyewe, kupitia jikoni kwetu, kama alivyoogopa. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Wengine walimletea viazi. Alirudi darasani. Kisha msimu wa mitihani wa mwaka uliofuata ulipofika, alipata tembe mbili kwa mwenzake, akameza moja. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwetu, peke yake, ile ya pili imefungwa kwenye kipande cha karatasi.

Nilimpima mara mbili, nikamuuliza maswali yale yale, yote, pamoja na lile la kufa. Akajibu bila kutazama ukuta: hapana, ana aibu tu na hasira. Yule daktari kijana, ambaye sasa alikuwa amekwisha ota mvi mbili tatu, aliniuliza kama tuandae kitanda.

"Nyumbani," nilisema.

"Mwaka jana ulimkatalia nyumbani."

"Mwaka jana hakuna aliyejua. Sasa wanajua hadi wapishi."

Tuliichoma ile tembe pamoja na taka za dawa, yeye akishuhudia. Nikampigia mama mkwe wake, nikampigia Ndirangu, nikasubiri hadi wote wawili wamejibu. Ndipo nilipotia sahihi.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia simu, kliniki ikiwa imejaa. Ilichukua muda kupokelewa.

"Uko aje, Mwalimu?"

"Leo ni mbaya, Sista. Tangu asubuhi sina nguvu ya kuinua kijiko." Nyuma yake nilisikia sauti kubwa ya ajuza ikilalamika kwamba uji unapoa. "Lakini niko. Wanakataa kuniacha hata nikienda chooni."

Nikamwambia anywe uji. Kisha nikaweka simu mezani, nikazungusha kiti, nikamwita aliyefuata.